Alikataa Kuungama Dhambi Asiyoitenda

"Kila mkija mnaniuliza nimetenda nini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimekula nini!" Hayo dada yetu aliwaambia akina mama wa kikundi cha maombi waliozunguka kitanda chake cha ugonjwa. Mwenyekiti wao alipofungua mdomo, akamwongezea: "Na wewe, umekalia miwani yangu."

Huyo ndiye tunayemzika leo. Tusimpake asali.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi baiskeli na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Alianza shule Januari 1968. Darasa la nne alilirudia, si kwa ujinga, ila kwa kumsahihisha mwalimu wa hesabu mbele ya mkaguzi. Alimaliza la saba mwaka 1975.

Mwaka 1979 aliajiriwa chumba cha ushonaji cha hospitali ileile, akashona mashuka na magauni ya wagonjwa kwa miaka thelathini. Gauni lisilo na kamba za mgongoni alilirudisha mezani kwa aliyelishona: "Mgonjwa ana heshima yake, na nyuma pia imo."

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na fundi rangi, mtu wa maneno machache. Alisema amempendea ukimya, kwa kuwa maneno ya kuwatosha wawili alikuwa nayo yeye. Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza alichukuliwa na homa ya uti wa mgongo, Juni 1987, akiwa na miaka minne. Jumapili iliyofuata dada yetu alikuwa kanisani, macho yamevimba. Aliyemshangaa alijibiwa: "Nimegombana na Mungu. Sijaachana naye."

Mei 2014 madaktari walimkuta na saratani ya mifupa ya nyonga. Miguu ilipokataa kukanyaga cherehani, akazungusha gurudumu kwa mkono. Sasa, kikundi kilikuwa na utaratibu wake: mgonjwa huandika kwenye karatasi dhambi iliyomletea ugonjwa, karatasi inachomwa, ndipo aletewe meza ya Bwana nyumbani. Dada yetu aliirudisha karatasi nyeupe. Mwenyekiti akasimama mbele ya kanisa, akasema hicho ni kiburi.

"Dhambi zangu nimeshamtajia Mwenyewe," alijibu marehemu. "Hii mnayoitaka siijui. Nikiiandika, nitakuwa nimesema uongo ili nipewe mkate."

Wakaacha kuja. Basi kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mumewe alimpakia kwenye mkokoteni wake wa ndoo za rangi, mto chini, mto mgongoni, akamsukuma hadi mlango wa kanisa. Mchungaji alishuka kumpa meza ya Bwana palepale. Maumivu yalimfanya asage meno, na nyimbo aliziimba amechelewa nusu ubeti, wala hakumwomba mtu radhi. Miaka mitatu, hakukosa hata mara moja.

Mwezi uliopita mwenyekiti alikuja peke yake, akapiga magoti. "Dada, nilikukosea. Nina deni lako." Marehemu alimtazama, akasema, "Nimekusikia," akageukia ukutani. Yule mama aliondoka analia, nasi tukadhani yameishia hapo.

Alifariki Jumanne tarehe 12 Septemba 2017, saa nne asubuhi, mumewe amemshika mkono. Anayetaka kusema saratani ilimshinda, akasemee nje ya geti. Ilipata mifupa tu.

Ameacha mume, mtoto wa kiume na wa kike, wajukuu wanne, kaka mmoja na wadogo watatu. Ameacha pia agizo, alilomwandikisha binti yake siku mbili kabla: "Mwenyekiti alinisema mbele ya watu. Nimsamehe chumbani kwa nini? Someni mbele ya watu: simdai kitu. Na akae na ndugu zangu."

Limesomwa. Mama mwenyekiti, inuka huko nyuma, uje ukae na ndugu. Nawe dada yetu, pumzika kwa amani. Mungu uliyemng'ang'ania hakukuachia.