Dada Yangu, Msanifu Aliyechelewa Kustaafu

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na familia imenikabidhi karatasi hii kwa sharti kwamba niisome bila kuongeza ya kwangu, sharti ambalo waliolitoa wanajua fika sitalitimiza.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Juni 1956, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa baba yetu fundi seremala na mama yetu mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana, akawa anachora milango kwenye kuta hadi mama akaficha penseli zote za baba. Alianza shule ya msingi Januari 1963, akamaliza sekondari mwaka 1975, na mwaka 1977 akaingia chuo kikuu kusomea usanifu wa majengo, msichana pekee katika darasa la watu thelathini na mmoja, akahitimu Novemba 1982, na barua zangu za miaka hiyo yote alizijibu nyuma ya michoro iliyoharibika.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa na ofisi ya watu saba, juu ya duka la viatu, akapanda cheo baada ya cheo hadi tarehe 2 Januari 2001 alipokabidhiwa uongozi, na mikononi mwake ofisi ile ikawa kampuni ya watu mia moja na sitini, ghorofa nne. Vijana walimwita Mama Kamba, maana hakusaini mchoro wa nyumba hadi aliyeuchora amwonyeshe kwa kidole wenye nyumba wataanika wapi nguo, na asiyejua alirudishwa mezani kwake, awe na shahada mbili au tatu. Kila Jumapili alinilalamikia kwamba tangu awe mkubwa hachori hata choo, anachora saini tu.

Alifunga ndoa tarehe 20 Aprili 1985 na shemeji yangu, mhandisi wa maji, mtu mpole aliyempikia zaidi kuliko alivyopikiwa, wakajaliwa binti mwaka 1987 na kijana wa kiume mwaka 1991, wote mnawaona hapa mbele. Shemeji alitutoka mwaka 2011, mimi nikiwa tayari nimeshafiwa na mume, na ndipo dada akaniahidi kwamba akifikisha miaka sitini ataacha kazi aje tuishi pamoja kwangu, nami nikamtengea chumba kinachopata jua la asubuhi, nikakipaka rangi.

Naomba niseme wazi kwa nini hakuja. Mwaka 2014, siku yenye vikao vitano, alisaini michoro ya bweni la wauguzi bila kuisoma, jengo likakamilika, na milango tisini na sita ya vyoo ikawa inafunguka kwa ndani na kugonga sinki, kiasi kwamba mtu mwenye mwili kama wangu hapiti. Alikwenda mwenyewe, akajaribu, akakwama, akaandika barua akikiri kwamba kosa ni lake, milango yote ikageuzwa, na tangu siku hiyo akaamini kwamba akigeuza kisogo tu kampuni itaharibika. Mwaka 2016 aliniomba nimpe mwaka mmoja, 2018 akaniomba vilevile, 2021 sikumuuliza, nilifua tu mapazia ya chumba chake nikayarudisha. Nilimkasirikia, tena sana, na huku nikimlilia kwa hamu mtu aliye hai, anayeishi dakika arobaini kutoka kwangu.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2023, akaja tarehe 2 Aprili na sanduku moja na simu mbili. Simu ya kazi aliiweka kando ya sahani yake, akaitazama siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima, haikulia, nikaona jinsi anavyoumia. Siku ya kumi aliizima, akalala hadi saa nne asubuhi, na alipoamka akaniambia, "Mdogo wangu, kumbe wanaweza. Ningekuja zamani."

Tukala, tukagombana juu ya chumvi, tukacheka, hadi tarehe 21 Aprili maumivu ya tumbo yalipompeleka hospitali, ikabainika ni saratani ya kongosho, akalazwa, hakurudi tena nyumbani, na Jumanne tarehe 11 Julai 2023, saa nane mchana, akafariki mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Nilimsubiri miaka saba, nikapewa siku kumi na tisa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, na majirani walioleta viti na masufuria kabla hatujaomba. Na ninyi wafanyakazi wenzake, mmenieleza jana kwamba wiki zile kazi iliwachanganya, mara tatu mtu akashika simu ampigie, na mara tatu wenzake wakamzuia, wakisema Mama Kamba yuko kwa mdogo wake, aachwe. Mngempigia hata mara moja angerudi ofisini siku hiyohiyo, namjua, kwa hiyo zile siku kumi na tisa ni ninyi mlionipa, naye ameondoka bila kulijua hilo.

Dada, walikuhitaji, wakanyamaza kwa ajili yangu. Pumzika sasa kwa amani yote, mimi hamu yangu nawe haijaisha.