Kila Nafasi Isipokuwa Moja

Benchi lipo Ridge Road, katika mji wa Lackawanna kando ya ziwa, limebanwa kati ya duka la donati na duka la mashine za kufulia nguo, na tangu tanuru za chuma zizimwe halijawahi kukosa watu asubuhi. Wenyewe wanaliita bunge, ingawa bunge la kweli hufunga mjadala siku moja moja. Mwisho wa Aprili jua hutoka kwa kujionyesha tu. Upepo wa ziwani bado unauma masikio, kwa hiyo kila mtu hukumbatia kikombe chake cha kahawa kana kwamba kuna wa kukipora. Jumatatu ile habari ilikuwa moja mji mzima. Ijumaa, timu zilipogawana vijana wanaotoka vyuoni, timu yao ilikuwa imemchukua Colton Rademaker, jitu kutoka mashamba ya Iowa, tait endi. Tait endi ni yule anayesimama mwisho wa ukuta katika mpira wa helmeti. Mara anasukumana na mafahali wenzake, mara anachomoka mbio kwenda kudaka mpira. Na timu ilikuwa na tait endi wake tayari, Marek Pawlak, mtoto wa mtaa huohuo, mwenye miaka thelathini na moja na goti lililokwisha kupasuliwa mara mbili. Baba yake, Zygmunt, ndiye mwenye ile nafasi ya mwisho upande wa kushoto wa benchi.

Zygmunt alipofika tu alijua kuna jambo, kwa sababu Kocha alimsogezea kahawa. Kocha ni Dominic Fanelli, ambaye hajawahi kufundisha timu yoyote, na kahawa ya bure kutoka mkononi mwake ni habari ya kutangazwa. Redio, yaani Bernadette Nowicki, anayepiga simu kwenye kipindi cha michezo kila siku mpaka watangazaji wanaitambua pumzi yake, alimfunika magoti kwa blanketi ambalo huwa hamwazimi mtu. Saleh Muqbil, aliyefanya naye kazi kwenye tanuru moja ujana wao wote, alimtazama kama mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani. Wamenigeuza mfiwa, Zygmunt akawaza, na maiti mwenyewe asubuhi hii amenipigia simu huku anakaanga mayai.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kijana huyo anakuja kuchukua nafasi ya nani. Lakini kunyamaza juu ya mpira nako hawakuweza. Kwa hiyo wakaona bora wamtafutie Rademaker kazi nyingine.

KOCHA: Mimi nawaambia, yule hawajamchukua kwa mambo ya kudaka. Mmeyaona mabega yale? Watamnenepesha. Wampe pirogi za viazi na soseji tangu sasa, ikifika Agosti hapiti mlangoni. Wanamtia katikati ya ukuta, amlinde mrushaji wetu.

REDIO: Anenepe wapi! Yule anakimbia kama swala.

KOCHA: Swala naye akilishwa ananenepa.

REDIO: We ulishamwona wapi swala mnene?

KOCHA: Na wewe ulishamwona wapi swala anakula pirogi?

SALEH: Nyamazeni, wote hamjui. Hili ni suala la upepo.

KOCHA: Upepo gani tena, Saleh?

SALEH: Wa ziwani! Desemba mpiga teke wetu anaupiga mpira kaskazini, unaangukia mashariki. Si ndiyo? Sasa yule kijana ana karibu mita mbili. Unamsimamisha upande unakotokea upepo, anakinga. Mpiga teke anapiga kama yuko sebuleni kwake.

REDIO: Mtu mmoja akinge upepo wa ziwa zima?

SALEH: Akivaa koti.

Kahawa ikampalia Zygmunt. Hakutaka kucheka. Tangu Ijumaa alikuwa halali vizuri, kwa sababu mwishoni mwa Agosti timu hupunguza watu, na hupunguza bila aibu: mtu anaitwa ofisini asubuhi, akitoka anafungasha viatu. Zygmunt mwenyewe aliwahi kuitwa hivyo kiwandani na anajua mtu anavyotembea siku hiyo kurudi kwenye gari lake. Marek hakuwa na kazi nyingine aliyoijua wala aliyoipenda. Hilo ndilo lililomkaba, wala si mpira.

REDIO: Haya, sasa nisikilizeni mimi mwenye habari. Kuna mtu anayajua mambo ya ndani kabisa.

KOCHA: Mtu gani?

REDIO: Alipiga simu baada yangu. Anasema huyo mtoto hachezi hata dakika. Wamemchukua ili mahasimu wetu Miami wasimpate, basi. Atawekwa kabatini kama vyombo vya wageni mpaka mkataba uishe.

SALEH: Yaani zamu yetu ya kuchagua kijana raundi ya pili itumike kwa roho mbaya?

REDIO: Kwa Miami? Mimi ningetumia ya kwanza.

Hapo wote wakaitikia kwa vichwa, maana kuichukia Miami ni jambo ambalo benchi lile halijawahi kulipigia kura.

KOCHA: Subirini, subirini, nimeshaipata. Iowa kuna nini? Mashamba. Mtoto wa shamba anaendesha nini? Trekta! Theluji ikijaa uwanjani anaitoa nani? Sisi, kwa makoleo, kama punda. Mwaka ule si mgongo wangu uliharibika?

SALEH: Mgongo wako uliharibika kwa kukaa. Koleo ulilishika ukapigwa picha, ukalirudisha.

KOCHA: Acha chuki, mzee. Nasema hivi: anaamka mapema, anapanda trekta, anasafisha uwanja wote, anaoga, mchana anavaa helmeti kama wenzake.

REDIO: Halafu anacheza nini?

KOCHA: Acheze nini tena? Anapumzika! Si amefanya kazi tangu asubuhi?

SALEH: Na nimesikia ana sauti. Anaweza kuimba wimbo wa taifa.

ZYGMUNT: Ngojeni niwaelewe. Atakuwa ukuta, atakuwa mwavuli, atakuwa vyombo vya kabatini, atakuwa dereva wa trekta, na ataimba.

REDIO: Vijana wa siku hizi wana vipaji vingi, Ziggy.

Zygmunt aliwapenda kwa upuuzi ule, na palepale akatamani kuwamwagia kahawa. Alielewa wanachofanya. Walikuwa wanamzungushia uongo kama watu wanaomficha mtoto habari za msiba, na kila kazi mpya waliyomvumbulia Rademaker ilimwambia jambo lilelile: hata wao, waliomjua Marek tangu anatembea na nepi kwenye lami hii, wameshamhesabu kuwa ametoka. Hilo lilimuuma kuliko maneno yote ya televisheni.

Mlango wa duka la kufulia ukafunguka, akatoka Marisol, mwanamke aliyehamia majira ya baridi kutoka Arizona, anayeishi ghorofa ya juu ya duka hilohilo. Walikuwa wanasalimiana tu. Shuka zake zilikuwa bado zinazunguka kwenye mashine ya kukaushia, naye akaona bora asubiri nje penye mazungumzo. Akaketi kwenye ukingo wa benchi, karibu na Zygmunt.

MARISOL: Samahani jamani, nimewasikia mpaka ndani. Huyo kijana mpya, kazi yake hasa ni ipi?

KOCHA: Bado inajadiliwa.

MARISOL: Mbona televisheni inasema ni tait endi?

Redio akakohoa kikohozi kisichokuwepo. Saleh akageuka kuitazama barabara kana kwamba amemwona mtu anayemdai.

MARISOL: Au timu haikuwa na mtu wa hapo?

SALEH: Yupo... Yupo, dada.

MARISOL: Sio mzuri?

Wakamrukia wote kwa pamoja.

KOCHA: Sio mzuri? Yule? Amecheza na mbavu zimevunjika, akadaka!

REDIO: Na kwenye theluji, mtu huoni hata mkono wako! Akadaka!

SALEH: Na hajawahi kumjibu mtu vibaya tangu azaliwe. Muulize yeyote mtaa huu.

MARISOL: Sasa amekosa nini?

Redio alifungua mdomo, akaufunga tena, jambo ambalo watangazaji wa kile kipindi wangelipa kiingilio kuliona. Kocha akawa anakikagua kikombe chake. Zygmunt naye alijikuta analitafuta jibu. Siku tatu mfululizo alikuwa amesikia habari za urefu wa Rademaker, upana wa viganja vyake, kasi yake, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza swali kama lilivyoulizwa na mwanamke huyu anayesubiri shuka zake zikauke. Akayapekua maisha yote ya mwanawe. Alipata dirisha moja la kanisa, ambalo Marek alilivunja akiwa darasa la tatu, na akaenda mwenyewe kumwambia padri.

ZYGMUNT: Hajakosa kitu, dada. Goti tu, na umri. Ni mwanangu.

Marisol akaweka mkono mdomoni. Kisha akaushusha, akaushika mkono wa Zygmunt.

MARISOL: Pole, mzee wangu. Pole sana.

Basi, ni hilo tu. Asubuhi ile Zygmunt alikuwa amepewa kahawa, blanketi na trekta, na tangu Ijumaa hakuna aliyempa neno hilo. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke mbele za watu.

SALEH: Pole, ndugu yangu. Tuliogopa kukugusa.

KOCHA: Pole, Ziggy. Ile ya trekta nilikuwa natapatapa tu.

REDIO: Lakini ya Miami ni kweli.

Akasema hivyo huku analia kuliko wote, na kwa sauti ileile ya kwenye simu, bila kumwachia mwingine nafasi.

Zygmunt akajifuta uso. Akaona hakuna tena sababu ya kuyaficha yale aliyoambiwa asubuhi.

ZYGMUNT: Rademaker keshafika mjini. Hana anayemjua, hajui hata pa kununua mkate. Marek amemchukua, anakaa kwake mpaka apate chumba. Leo wameamka alfajiri wote wawili wakaenda kufanya mazoezi. Anamfundisha jinsi upepo wa hapa unavyogeuza mpira.

KOCHA: Marek? Anamfundisha mtu ambaye... ambaye...

ZYGMUNT: Sema tu, Dominic.

KOCHA: Atakayemtoa?

ZYGMUNT: Nami nilimuuliza hivyohivyo. Nilimpandishia sauti, nikamwambia wewe una wazimu. Akaniambia, "Baba, kwani mimi alinifundisha nani?"

Benchi likamkumbuka Hollis Tate, tait endi aliyekuwepo kabla ya Marek na aliyemfundisha kazi. Walikuwa hawajalitaja jina hilo muda mrefu. Siku timu ilipomwachia Hollis ili Marek aanze, benchi hilihili lilishangilia mpaka mwenye duka la donati akatoka nje na miwani ya kujikinga na mafuta ya kaangio usoni, na Zygmunt ndiye aliyewanunulia watu wote. Alikuwa na furaha sana siku ile. Haikumpitia akilini kwamba mahali fulani kuna baba mwenzake anaisikia habari hiyohiyo.

MARISOL: Huyo aliyemfundisha mwanao, siku hizi yuko wapi?

Zygmunt akamtazama Saleh, Saleh akamtazama Kocha, na Kocha akamgeukia Redio, ambaye anajua mpaka majina ya mbwa wa wachezaji. Redio akatikisa kichwa. Zygmunt akatoa simu mfukoni, akampigia mwanawe amuulize Hollis yuko wapi.