Marlys Tollefson na Ubao wa Korongo

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi kadhaa ya kuwapangia njia madereva wa magari ya kusukuma theluji ya mji wetu wa Alder Lake, Marlys Tollefson anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, saa tisa alasiri, zamu ya mchana itakapokwisha. Jarida la karakana limeniomba nimwandikie wasifu. Limeniomba pia nisizidishe ukurasa mmoja na nisijaze habari za besiboli. Hilo la kwanza nitajaribu.

Aliajiriwa Ijumaa, tarehe 1 Novemba 1991, na wenye umri wangu hawahitaji kukumbushwa siku hiyo ilikuwaje. Theluji ilianza kumwagika jana yake, watoto wakiwa bado mitaani na vinyago vyao wanaomba peremende nyumba kwa nyumba, kama ilivyo desturi ya usiku ule, na kulipokucha mlango wa karakana haukufunguka. Marlys aliingilia dirishani. Hakuna aliyemwonyesha hata pa kutundika koti, lakini kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshika redio ya mawasiliano na kuwaelekeza madereva kwa majina ya mitaa na ya watu waliokaa humo: piteni kwanza kwa kina Lindquist, mama yao ana zamu ya kusafishwa figo. Mtindo huo hakuuacha. Katika miaka yake yote hakuna gari la wagonjwa lililokwama ndani ya mji huu.

Kazi yetu ina kichekesho chake. Kipindi cha baridi ndicho cha kazi, lakini siku nyingi za baridi theluji haianguki, na watu kumi na wawili wanabaki chumba cha kahawa wakitazamana. Ni kipindi hichohicho ambacho Korongo, timu yetu ya besiboli, huwa mapumzikoni ikisajili wapya na kuacha wa zamani. Mwaka 1993, Korongo walipomaliza msimu wakiburuza mkia, Marlys alichukua ubao wa zamani wa funguo za magari, akaandika majina ya wachezaji kwenye vibati vya funguo na kuvitundika. Safu ya juu ni wanaobaki, ya kati ni tunaowataka kutoka timu nyingine, ya chini ni wanaoondoka. Tangu hapo, kila Jumatatu kuanzia Novemba hadi Machi, tumekaa chini ya ubao huo na bakuli la Marlys la viazi vya kuokwa na nyama ya kusaga, tukiiendesha timu ambayo viongozi wake hawajui hata kama tupo.

Sheria ya ubao ni moja, na ni ya kwake. Kibati cha anayeondoka hakishushwi mpaka kila aliyeko mezani aseme jambo moja jema ambalo mchezaji huyo alitufanyia. Hakuna msamaha. Tulipokuwa tunamwacha mlinzi mmoja aliyeangusha mipira thelathini na moja katika msimu mmoja, fundi wetu Roy Pelkey alitafuna kalamu robo saa nzima, kisha akasema, “Alikuwa anawasainia watoto mipira bila kununa.” Marlys alikubali, kibati kikashuka.

Wapo watakaokumbuka pia Jumatatu ile alipoegemea kitufe cha redio kwa kiwiko bila kujua, na ubishi wetu wote juu ya mrushaji wa mkono wa kushoto ukasikika katika magari manne yaliyokuwa barabarani. Madereva walisimama pembeni na kupiga kura. Msimamizi mkuu, Bwana Sather, aliyekuwa akisikiliza garini mwake, alipiga kura naye, na ndipo akakumbuka kukasirika.

Sasa niseme la kwangu, maana bila hilo wasifu huu hauna maana. Mwaka 2014 Korongo walikuwa na mdakaji aliyeitwa Dale Okerlund. Kuchuchumaa nyuma ya mpigaji kwa misimu kumi na mitatu kulikuwa kumemmaliza magoti, na mezani sote tulisema aachwe. Marlys peke yake alikataa. “Magoti yamekwisha, macho hayajaisha,” alisema. “Msogezeni akalinde kituo cha kwanza, asimame wima, muone.” Korongo hawakumsikia, wakamwacha Okerlund. Timu iliyomchukua ikamsogeza kituo cha kwanza, na kiangazi kile alitupiga mipira mitatu ya kutoka nje ya uwanja katika mechi moja. Marlys alikula biskuti tu, polepole, akitutazama mmoja mmoja.

Baridi iliyofuata jicho langu la kushoto lilizima. Leseni yangu ya kuendesha magari makubwa ilikwenda nalo. Nilikuwa na miaka hamsini na moja na sikujua kazi nyingine, na barua ya kuniachisha kazi ilikuwa imeshachapwa. Marlys alipanda ghorofani, kwenye ofisi za wakubwa, na ubao wa Korongo kwapani. Aliyoyasema huko niliyasikia baadaye kwa Bwana Sather mwenyewe: “Mnataka kumwacha mtu anayejua kila kona na kila mfuniko wa mtaro wa mji huu kwa ajili ya jicho moja? Msogezeni. Redio haihitaji macho mawili.” Tangu Februari ile nimekaa kiti cha pili, pembeni yake.

Alitakiwa kustaafu miaka mitatu iliyopita. Ghorofani walikuwa na wazo la kuiacha nafasi yake wazi akiondoka, kompyuta ipange njia, na mimi nirudi nyumbani. Aliahirisha mara mbili bila kuniambia sababu. Mimi, mpumbavu, nilikuwa namtania kwamba anaogopa kukaa nyumbani na mumewe. Desemba iliyopita ikaja karatasi yenye jina langu: mpanga njia mkuu, kuanzia mwisho wa Machi. Siku hiyohiyo naye akaandika barua yake ya kustaafu.

Hakututangazia. Jumatatu ya kwanza ya Januari alitundika vibati viwili vipya: HAUGLAND, yaani mimi, safu ya juu, na TOLLEFSON safu ya chini. Tulikuwa tumezama kwenye ubishi wa warushaji na hakuna aliyetazama. Aliyeona ni dereva wetu Liban Warsame, ambaye kwa miaka minne amemwita Marlys Shangazi, hakuwahi kuhitaji jina lake lingine. “Huyu Tollefson mbona anaachwa kimyakimya?” aliuliza. “Anarusha kwa mkono gani? Kama ni wa kushoto, mimi simwachi.” Roy akavua kofia. “Liban,” akasema, “huyo ni shangazi yako.” Liban alikaa, akakisoma kibati upya. “Basi ndiyo kabisa simwachi.”

Lakini sheria ni sheria, na kila mtu amesema lake. Liban alisema kwamba baridi yake ya kwanza Marlys alimrudisha kinyumenyume kutoka barabara ya ziwani kwa dakika arobaini, kwa redio tu, bila kupandisha sauti hata mara moja. Aliyebaki ni mimi. Kwa Jumatatu kumi na moja nimekataa kusema, nikijidanganya kwamba kibati kisiposhuka yeye haendi. Ninakiogopa kiti kile, na sioni haya kuliandika hilo. Jumatatu iliyopita alinisogezea bakuli la viazi. “Orrin, sema bwana. Nina tiketi.”

Ni tiketi ya mechi ya kwanza ya nyumbani ya Korongo. Kwa miaka yote hii hajaiona hata moja, kwa sababu Aprili yetu haiaminiki na yeye hakubali kuondoka kwenye redio.

Marlys, karakana nzima inakushukuru. Tunakuombea afya, majirani wema, kiti cha juani nyuma ya kituo cha kwanza, na Korongo watakaokusikiliza walau mara moja. Na langu ni hili: walipotaka kuniacha, ulinisogeza. Haya, nimesema. Kishushe mwenyewe, uende mpirani. Theluji ya Aprili ikianguka, hiyo niachie mimi.