Ruhusa ya Nusaiba

Juzi nilipanda bajaji ya Mikocheni, nikakaa katikati ya mabinti wawili wasiojuana. Waliniamkia vizuri, halafu wakapiga soga juu ya magoti yangu mie mzee.

Khulud, wa kiwanda cha sabuni, alikuwa anakwenda kumuomba bosi wake ruhusa awe anaingia kazini saa tatu, apate kumpeleka mama yake kliniki. "Kuna mwenzetu kapewa. Sie wengine tumenuna, tunapaki taratibu makusudi."

Nusaiba, wa kiwanda cha biskuti, akacheka. "Ndivyo wenzangu wanavyonifanyia! Mie bosi kanipa Ijumaa zote nipumzike. Shoga, tangu siku hiyo saa ya chai sipumziki, nisionekane nazidisha, nikiumwa naona haya kusema."

"Lakini Ijumaa si unalala?"

"Nalala sana tu!"

Mie sikusoma, ila siku nazijua. Bajaji iliposimama kwenye geti la kiwanda cha Nusaiba nikamuuliza, "Mwanangu, si leo ndiyo Ijumaa?"

Akaiangalia sare yake. "Nimepita kuwasaidia kidogo tu, babu." Akakimbia, asichelewe.

Khulud akamwambia dereva, "Kaka, mie nashuka kiwanda cha mbele pale. Ila nenda polepole, kwanza nifikirie."