Ludi Kanyamaza

Benchi la kijiweni liliegemea ukuta wa kinyozi, mkabala na cherehani ya Sindano, fundi nguo ambaye mkewe alikuwa ameteremka mtoni kufua. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na siku kama hizo wanakijiwe hupaza sauti ili kuushinda mngurumo wa Mto Ludi. Asubuhi hiyo wangeweza kunong'ona. Sindano aliweka chini kikombe chake cha kahawa.

— Jamani, mbona Ludi kimya?

— Siyo Ludi, ni Rudi, alisema kinyozi, waliyemwita Profesa. Wapima ardhi walisikia vibaya, wakaandika kibaoni, nasi tukafuata kibao. Leo tuna Saluni Ludi, Baa Ludi, hadi mjukuu wangu ni Ludi! Asili yake ni mchunga ng'ombe. Mnyama kavuka, yeye huku anaita: rudi, rudi!

— Ng'ombe wapi! alidakia Breki, dereva wa lori. Ni jini lile. Linakuita kwa sauti ya mama yako. Ukigeuka tu, kwisha habari yako.

— Wewe hata injini ikikohoa unasema jini, alijibu Profesa.

Wakacheka, isipokuwa Sindano. Shangazi, muuza kahawa, alishika birika bila kumimina.

— Bibi yangu alisema kilima kiliporomoka huko juu, mto ukakauka. Watu wakashuka kuokota samaki. Kisha maji yakarudi, yote kwa mkupuo.

— Hizo za kutishia watoto, alisema Breki, ila aligeuza shingo kuelekea mtoni.

Mara akatokea mgeni na begi begani.

— Samahanini, wenyeji. Nimevuka mto kwa miguu, maji hayakunifika hata kwenye kifundo. Na huko juu mvua inamwagika. Sasa maji yote hayo yanakwenda wapi?

Sindano alikwishatimua mbio, kandambili zimebaki chini ya benchi.

Aliwakuta wanawake katikati ya mto, wanacheka, wanajaza samaki kwenye mabeseni. Akamkamata mkewe mkono.

— Pandeni! Pandeni wote!

— Una wazimu, baba? Nguo za watu hizi!

— Nakuomba, mama watoto. Panda!

Profesa na Breki walifika wakihema, wakamvuta bibi wa mwisho kwa kanga yake. Hawajamaliza kupanda mteremko, ardhi ikaanza kutetemeka chini ya nyayo zao. Maji yakaja mekundu, yamebeba miti mizima na paa la nyumba ya mtu.

Mke wa Sindano alitaka kumwuliza mumewe kajuaje. Badala yake akamshika shati kwa mikono miwili, na hata walipofika nyumbani hakuliachia.