Sauti Iliyokuwa Redioni

Kwenye treni ya asubuhi, kijana mtengeneza tovuti alikuwa akimsimulia mama aliyeketi kando yake habari za tovuti mpya, zinazofunguka hata mtandao ukikatika. Ungedhani mtandao kauzaa yeye. "Hata ya redio ya mtaani nimeijenga upya, mama. Ya zamani nimeifuta yote."

"Kumbe ni wewe, mwanangu," mama akasema taratibu. "Marehemu binti yangu alikuwa akisoma hadithi redioni, na rekodi zake zilikuwa mle. Kila jioni nilifungua nimsikie sauti."

Kijana akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Hazirudi tena."

Mama akajifuta machozi kwa kiganja. "Kabla hujazifuta, ulisikiliza hata moja?"

Treni ikasimama, watu wakaanza kushuka, kijana akabaki ameketi kando yake.