Sindano Niliyoificha Nyuma ya Siagi

Bwana asifiwe, wapendwa! Leo naomba mniitikie polepole, maana zile Amina mlizonipa mwaka jana hapa hapa mbele, nimekuja kuzirudisha.

Wengi mnanijua. Mimi ni Baba Elia, dereva wa watalii. Kazi yangu ni kukaa. Nakaa kutoka Karatu mpaka geti la hifadhi, nakaa kushuka ndani ya kreta, nakaa wageni wakimtazama simba aliyelala, na tukirudi loji nakaa tena mezani. Miaka kumi na minne nimekaa hivyo, nikimaliza lanchi boksi walizobakisha wageni na kunywa soda kama maji. Kitambi kikatangulia, mimi nikafuata. Watu walikiita heshima, na nani anakataa heshima?

Ndugu zangu, heshima ile ilikuwa inaniua. Miguu ilianza kuwaka moto. Nilipopimwa Arusha, daktari alisema sukari imeshaingia, na uzito ndio unaoisukuma. Baba yangu mzazi alikatwa mguu kwa sukari, na mimi ndiye niliyempeleka hospitali siku ile. Dereva asiye na mguu ni nani? Niliogopa, nasema kweli. Nililia ndani ya gari kama mtoto.

Daktari akaniandikia sindano ya kupunguza uzito, ya kujichoma mwenyewe mara moja kwa wiki. Akaniambia, "Hii si dozi ya malaria, kwamba utamaliza upone. Ni ya muda mrefu. Kakae na familia mpange mwaka mzima, ndipo uanze." Bei ilitisha, na bima yangu haiigusi. Lakini ulikuwa msimu wa wageni, mfuko umejaa tipu. Sikupanga na mtu. Nilinunua, nikaificha kwenye friji ya jikoni katika loji moja, ndani ya soksi, nyuma ya siagi. Mpishi peke yake ndiye aliyejua. Niliona aibu, mwanaume mzima kununua dawa ya kupungua wakati watoto wanavaa sare zilizochanika.

Uzito ukashuka. Mkanda ukatobolewa matundu mapya. Mjini wakaanza kunong'ona kwamba nina ule ugonjwa. Nikachoka na minong'ono, nikasimama hapa nikasema: ni maombi na mfungo! Nilifunga kweli, siku tatu. Siku tatu haziondoi kitambi cha miaka kumi na minne. Ninyi mkashangilia, kwaya ikaimba, na mke wangu akalia kwa furaha pale pale alipokaa leo. Sindano sikuitaja.

Mvua za masika zikaja. Wageni wakakatika, magari yakalala, na hela ya sindano ikaisha. Ningemwomba nani? Mke wangu alijua nimeponywa kwa mfungo! Uongo ulikuwa umenifungia mlango wa nyumba yangu mwenyewe. Nikaacha dawa ghafla, bila hata kumpigia daktari. Njaa ikarudi kwa hasira, kitambi kikarudi, miguu ikawaka tena. Wengine mkasema Baba Elia amerudi nyuma kiroho. Nilistahili.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Mama Rehema wa kwaya, yule pale benchi la pili, alikuwa akimeza vidonge vya sukari kila siku. Alisikia ushuhuda wangu, akauamini hata kitambi changu kiliporudi, akavifungia kabatini, akaanza mfungo wa siku saba. Siku ya sita majirani walimkuta sakafuni. Alilazwa wiki mbili. Nilipokwenda kumwona, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, niombee nipate imani kama yako."

Mungu wangu! Nilitoka pale nikashindwa kuendesha. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikamwambia mke wangu kila kitu. Aliingia stoo, akatoka na debe la mbegu za maharage za shamba letu la Buger, zilizochanganywa na majivu.

"Mwaka ule mvua ilipokataa, tulikula nini?"

"Mahindi ya kununua, kibaba kibaba."

"Na hizi?"

"Hatukuzigusa. Mbegu hailiwi."

"Basi na hiyo sindano, Baba Elia, kama ndiyo uhai wako, ni mbegu. Ungeniambia, ningeitunza."

Tulirudi kwa daktari wote wawili. Tuliuliza gharama ya mwaka mzima, pamoja na vipimo na nauli ya Arusha. Akasema mfuko ukielekea kushindwa tumwambie mapema, kwa kuwa ziko dawa nyingine za sukari za bei nafuu, lakini nisiache tena kimya kimya. Sasa kila safari ya msimu, kabla ya nyama na kabla ya bati la jikoni, fungu la sindano za masika linatoka kwanza, linafungiwa sandukuni, na mwenye ufunguo ni mke wangu. Nguruwe wawili tumewatenga kwa ajili ya miezi ambayo gari litalala. Natembea kila asubuhi. Sindano inakaa kwenye friji ya nyumbani, mbele, karibu na maziwa. Kitambi kinashuka polepole, sukari imetulia, na miguu yote miwili ninayo. Asante Yesu!

Ndugu zangu, Mungu aliniponya uongo kwanza. Dawa nayo ni mkono wake, na kupanga si kukosa imani. Kama kuna aliyeacha dawa kwa sababu ya maneno yangu, kesho asubuhi na aende kwa daktari, nitampeleka mwenyewe kwa gari. Na kama unabeba mzigo peke yako, mwambie Mungu, kisha mwambie wa nyumbani kwako. Mtumaini Mungu, hatakuacha.

Wiki iliyopita nilipiga magoti jikoni kwa Mama Rehema, nikamwomba msamaha. Aliniinua kwa mkono, akanivutia kigoda. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini hukunidanganya hapa jikoni. Ulinidanganya mbele ya watu. Rudi mbele."

Mama, nimerudi.